Maua Ndani ya Makopo

Bati lenye kutu, likitiwa udongo mbichi kisha likamwagiwa maji, lina harufu yake. Inakaribia harufu ya damu, ila ni baridi zaidi. Wiki iliyopita mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, aliokota kopo la maziwa ya unga nyuma ya jiko, akalitoboa chini kwa msumari, akapanda mrehani, akaniwekea barazani pale ninapokaa asubuhi. Alitaka kunifurahisha, maskini. Nikamwambia aliondoe, tena kwa sauti ambayo hakuistahili. Akaniuliza, "Mama, mrehani imekukosea nini?" Tangu siku hiyo ninajiona mwanamke mzima mwenye mvi anayegombana na kopo, na nimeona afadhali niseme jambo lenyewe. Wa rika langu, waliokulia Kindu enzi zile za Zaire, watanielewa bila mimi kueleza sana.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipofariki, nyumba ya kambi ilirudi kwa kazi, kama ilivyo desturi ya nyumba za kazi, na mama akatafuta pa kupanga. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Ndugu zangu wengine walitangulia wakiwa wachanga. Tulipata vyumba viwili vya matofali ya udongo upande wa Kasuku, ndani ya parsele ya mtu tuliyemwita Baba Salumu, muuza chumvi na mafuta, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kubisha hodi hata kwenye kiwanja chake mwenyewe. Uwanja ulikuwa mtupu na mwekundu. Zamani waliwahi kurundika makaa pale, kwa hiyo mvua ikinyesha maji meusi yalitiririka mpaka mlangoni. Jioni ya kwanza nililia. Mama alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake akaniambia, "Nyamaza, Feza. Hapa njo petu sasa." Hapa ndipo petu: aliyasema hayo kumbembeleza mtoto aliyefiwa na baba. Mimi niliyashika kama hati ya kiwanja.

Mama alikaanga mikate kila alfajiri na kuiuza karibu na njia ya stesheni. Wateja wake ndio walioijenga bustani yetu bila kujua. Huyu alimletea kopo la maziwa, yule la nyanya, mwingine bati la mafuta lililotoboka. Mtu akitupa beseni la enameli lililochunika, mama alikuwa amekwisha kulibeba. Alitoboa yote kwa msumari na jiwe, akatia kokoto chini, halafu udongo mweusi tuliouchota kando ya Lualaba maji yalipopungua, akauchanganya na jivu la mikate na mavi ya mbuzi. Baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi ambapo sote tulitoka kusafisha mtaa, aliomba chokaa iliyobaki ndani ya ndoo za waliopaka mawe ya barabarani, akapaka makopo yake yote yakawa meupe. Hakutoa hata likuta moja, senti ya wakati ule.

Mimea nayo ilikuwa ya kuomba. Jirani yetu Bibi Zaina, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa kwenye nyumba ile ile aliyozeekea, alitukatia asumini na mrehani. Mama alipopita mahali akaona ua, alisimama, akasalimia wenyewe, akauliza habari za watoto, na hakuondoka bila kijiti mkononi. Sijamwona mtu anayejua kuomba kama yeye, yaani aliomba mpaka mwombwaji akajiona amepewa. Mwaka haukuisha, uwanja wa makaa ukawa na safu tatu za makopo meupe, makubwa nyuma na madogo mbele. Yalikuwemo maua mekundu, ya njano, na yale yanayofunguka jua likianza kupoa. Mlangoni ilisimama ile mimea minne ya majani marefu mnayoijua, ile isiyokufa hata ukiitupa njiani. Watu walisimama kwenye uzio kuangalia. Baba Salumu akija alizunguka taratibu, mikono nyuma, akasema, "Mama Feza, umenipambia nyumba." Nami nilifurahi. Leo nikilikumbuka lile neno, "umenipambia", nalisikia kwa sikio jingine.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kila kitu kilikuwa ndani ya kopo. Lengalenga tu ndilo lililopandwa ardhini, maana lengalenga linaliwa na kwisha kabla mtu hajauliza.

"Mama, juu ya nini hatupandi chini?"

"Chini ni ya Baba Salumu."

"Hata udongo?"

"Udongo njo chini yenyewe, Feza. Mupangaji anapanda mu kopo. Siku ya kuhama, anabeba."

Nilisikia siku ya kuhama nikakasirika, maana si ndiye aliyesema pale ni petu? Nikaamua kwamba mama anaona haya, anajidharau kwa sababu ya ujane. Shuleni nako msichana mmoja, ambaye kwao walikuwa na nyumba ya zamani ya Wazungu na waridi zilizopandwa ardhini kwa mstari, aliniambia mbele ya wengine, "Maua ya kwenu iko mu kifungo." Walicheka mpaka kengele ikagonga. Siku ile nilirudi nyumbani nikiyachukia yale makopo kama mtu anavyochukia kiraka cha nguo yake.

Msimu wa mvua ulipoanza, habari ikaja kwamba dada yake mama amefariki Kibombo. Mama alipanda treni kwenda matangani, akaniacha kwa Bibi Zaina nikilala kwake na kufagia kwetu. Alisema siku tano. Treni za wakati ule mnazijua, siku tano zikawa kumi na nane. Katikati ya siku hizo mtu wa shefu wa mtaa alipita na filimbi yake akitangaza kwamba Jumamosi wageni wakubwa watatembelea mitaa, kila uwanja usafishwe, na wenye viwanja vizuri watatajwa mbele ya watu. Niliposikia watatajwa, sikupata usingizi wa mchana tena.

Nilifanya kazi Alhamisi na Ijumaa, nikitoka tu shule. Nililaza kila kopo, nikaligonga pande zote, na mizizi ilipokataa kutoka nikakata bati kwa kisu cha jikoni. Kovu la kidole hiki ni la siku hiyo. Asumini niliipanda chini ya dirisha. Maua niliyapanga kwa mstari kama ya yule msichana. Ile mimea minne ya majani marefu ilinipa shida, sikujua niiweke wapi. Halafu nikakumbuka kwa babu, Pangi, ambako tulikwenda nikiwa mdogo. Kule kila shamba lilikuwa na mimea hiyo kwenye pembe zake, imesimama vizuri kabisa. Nikaona hapo ndipo mahali pake, basi nikapanda mmoja kwenye kila pembe ya uwanja wa Baba Salumu.

Nyie wa kwetu mmeshaelewa. Mimi wakati ule sikuelewa. Hakuna mzee aliyewahi kuniambia kwamba mimea ile pembeni ni maneno, kwamba anayeichomeka amesema mbele ya walio hai na waliokufa: kutoka hapa mpaka hapa ni pangu. Sikujua kwamba ugomvi wa ardhi ukipelekwa kwa wakubwa hawaanzi na karatasi. Wanaanza na swali moja, nani alipanda? Na anayejibu hilo amekwisha kujibu yote. Mama alijua. Ndiyo maana aliifungia kwenye makopo mlangoni, pembeni asipeleke hata mmoja.

Bibi Zaina alikuja kuniita chakula jioni ya Ijumaa. Macho yake hayakuwa mazuri, lakini pembe aliziona.

"Feza, mama yako anajua hii kazi?"

Nilijua akisikia hapana atanizuia. "Njo yeye alinituma," nikasema.

"Hata hii ya ku pembe?"

"Hata hiyo."

Alivuta ushungi wake, akasema, "Haya." Mtu mzima haingilii mambo ya kiwanja cha mwenzake. Mimi nikadhani ameona uzuri mpaka ameishiwa maneno.

Jumamosi wageni wakubwa hawakufika. Shefu alipita mbio na watu wake, akatupa jicho, akaendelea. Niliumia sana. Lakini Jumapili Baba Salumu alikuja, akabisha hodi yake, akaanza kuzunguka. Safari hii mikono haikuwa nyuma. Alikwenda pembe ya kwanza akashika shina, akatikisa kidogo kuona kama limeshika. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake, yote yalishika. Akaniuliza kwa upole ule ule, "Mutoto, nani alipanda hii?"

Nilitaka sana amheshimu mama. Nilitaka aache kumwona mjane wa makopo. Nikamwambia, "Njo mama." Nikampa na maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaenda.

Jumanne walikuja wawili, yeye na shefu wa mtaa amevaa abakosti, koti rasmi la enzi zile, beji ya chama kifuani, daftari kwapani. Niliwaona kwa mbali wakishuka njia. Kumbe hawajatusahau, nikawaza, wamekuja kuandika majina ya watakaotajwa. Nikakimbia ndani nikavaa blauzi nyeupe na sketi ya shule, nikasimama mlangoni mikono ubavuni kama wakati wa kupandisha bendera.

"Nani alipanda hii miti?" shefu akauliza.

"Njo mama, Shefu."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Mimi nilitia tu maji." Niliogopa sifa isije ikagawanywa.

"Na hii ya ku pembe zote ine?"

"Njo yeye. Alisema hapa njo petu sasa."

Kalamu ya shefu ilisimama. Baba Salumu akakohoa kidogo, akatazama pembeni. Shefu akasema, "Rudia." Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi na wazi, kama tulivyofundishwa kujibu wageni wa shule. Akaandika yote. Ulimi uliniponza mimi, na walionisikiliza waliniangalia kwa tabasamu.

Mama alirudi Alhamisi, miguu imevimba, mzigo kichwani. Nilikuwa nimefagia tangu alfajiri nikimngoja. Aliingia, akasimama, akaangalia chini ya dirisha, akaangalia mistari ya maua, halafu akageuza shingo taratibu pembe kwa pembe. Mzigo hakuutua. Akaniuliza swali lile lile walilouliza wale wanaume.

"Feza, nani alipanda?"

"Mimi, mama," nikasema, nikicheka. Kwake yeye nilitaka sifa iwe yangu.

"Nani ameshaona?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu na daftari pia, nikangoja anikumbatie. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, mzigo umeegemea goti. Hakunipiga. Aliniuliza tena nilivyosema, neno kwa neno, na nilipofika kwenye "hapa njo petu" aliziba mdomo kwa kiganja. Halafu akaniambia nisiguse chochote, maana sasa kung'oa kungekuwa kuficha. Ndipo akanieleza maana ya zile pembe. Nilielewa polepole.

Jumamosi tuliitwa kwa shefu, barazani kwake. Kulikuwa na benchi mbili na watu waliopita njia wakasimama, kama kawaida. Baba Salumu alisema maneno machache tu: yeye hana ubaya na mama mjane, lakini ameona alama kwenye pembe za kiwanja alichorithi kwa baba yake. Mama alipiga goti. Hakupiga kelele. Alisema hakupanda yeye, alikuwa matangani, ni mtoto aliyecheza, naye yuko tayari kung'oa sasa hivi mbele ya wote na kuomba msamaha. Bibi Zaina akaulizwa. Alikuwa mwanamke wa kweli, hakuongeza wala kupunguza. "Mama sikumuona akipanda," alisema. "Lakini mutoto aliniambia mama yake njo alimutuma." Nadhani hata yeye hakulala vizuri wiki ile.

Basi shefu akaniita katikati. Nilikuwa nimejua sasa. Nilikuwa nimeamua usiku kucha kwamba nitasema kweli, na kweli itatuokoa, kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Nikasema, "Shefu, njo mimi nilipanda. Mama hajui kitu. Nilisema uongo."

Akafungua daftari akasoma maneno yangu ya Jumanne, yote, mpaka lile la mwisho. Akalifunga.

"Jumanne njo mama. Leo njo wewe. Kesho itakuwa nani? Mbuzi?"

Watu walicheka, na mimi nikarudia kwamba ni mimi. Nikamwonyesha kidole nilichojikata. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyozidi kutikisa vichwa. Shefu akamgeukia mama, na sasa hakuwa anacheka. "Mama Feza, muntu akipanda kwa kukosa kujua, mimi namuambia ngoa, tunamaliza. Niliketi hapa na roho ya kusamehe. Lakini kurudi toka Kibombo na kufundisha mutoto uongo, umusimamishe mbele yangu? Hapana." Akaamua tuhame kabla ya mwezi kwisha. Kilichoshika udongo ni cha mwenye udongo, kibaki. Makopo matupu ni yetu, tunaweza kuyabeba. Akamalizia kwa kumwambia mama, mwanamke aliyewahi kunirudisha sokoni kwa miguu ili nirudishe ndizi moja iliyozidi, "Fundisha mutoto wako kusema kweli." Mama akajibu, "Ndiyo, Shefu."

Nimeambiwa mara nyingi na watu wenye nia njema kwamba Baba Salumu angetutoa tu. Alikuwa na mwana aliyerudi kutoka Lubutu na mke, alitaka nyumba, na tulikuwa tumemtengenezea nyumba ambayo mtu anaweza kumwonyesha mkwe. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba, ndivyo wanavyonipoza. Inawezekana. Mwana yule kweli alihamia, na kwa miaka watu wa mtaa ule walisifu maua ya Baba Salumu. Namchukia, sitaficha, ingawa ameshakufa na kuchukia maiti ni kazi bure. Lakini sababu aliyoitumia nilimchongea mimi, nikampa mkononi pamoja na maji ya kunywa.

Zile siku zilizobaki mama hakusema nami neno lolote juu ya jambo lile. Alikaanga mikate, akauza, akatafuta chumba, akakipata ng'ambo, Alunguli, chumba kimoja kisicho na uwanja, mlango unafunguka kwenye ukuta wa mtu. Nilikuwa namfuata nyuma nyuma. Nilitamani anichape. Niliwahi hata kumletea fimbo, akaivunja akaitia motoni chini ya karai la mikate.

Asubuhi ya kuhama mvua ilikuwa imekata siku kadhaa na jua lilikuwa limeanza kuuma. Vitu vyetu vilikuwa tayari vimefungwa njiani, na mtu wa shefu alikaa kwenye jiwe kuhakikisha hatung'oi. Mama alifagia vyumba vyote viwili, akafagia uwanja, kama inavyompasa anayeacha nyumba ya watu. Halafu akachukua ndoo, akaenda kisimani kwa Bibi Zaina, akarudi, akaanza kumwagilia. Alianza na asumini, akaja kwenye mistari ya maua, akaenda pembe ya kwanza. Akarudi kisimani mara ya pili. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, juu ya nini unazipa maji? Si zimekwisha kuwa za Baba Salumu? Acha zikauke."

Aliinama, akamimina kidogo kidogo chini ya shina mpaka udongo ukashiba. Hakuniangalia.

"Hizi hazikusema kitu," akasema, akaenda pembe ya pili.